Swali Ambalo Eli Hakuuliza

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi: mwanamke, pombe na zahanati yetu



Kabla hamjaendelea, chukueni Biblia mkasome 1 Samweli sura ya 1, kuanzia mstari wa 9 hadi wa 18. Kisha someni Waamuzi sura ya 13, mistari mitano ya kwanza. Hatutayanakili maneno hayo hapa, maana nafasi ni ndogo na somo ni refu.

Habari za Hana twazijua tangu shule ya Jumapili. Yumo hekaluni akiomba, midomo yake yacheza lakini sauti haisikiki. Kuhani Eli ameketi karibu na mlango, anamtazama kinywa, na papo hapo anakata shauri kwamba mwanamke huyu amelewa. Anamkemea aache pombe yake. Ndipo Hana anaeleza kwa adabu kwamba hakunywa kitu, ila ana uchungu moyoni. Na Eli anageuza maneno, anampa ruhusa aende kwa amani.

Twamsifu Eli kwa kugeuka upesi, maana wazee wanaogeuka ni wachache. Lakini liangalieni kosa lake la kwanza. Alitazama, akahukumu. Hakuuliza. Na sasa, wapendwa, tuigeuze habari hii kidogo. Tuseme kwamba Hana siku ile kweli alikuwa amekunywa, kwa sababu ya uchungu ule ule. Karipio la Eli lingemfaa nini? Angeinuka pale, akafunga kitambaa chake vizuri, akaenda zake. Na jioni angekunywa tena, safari hii mahali ambapo Eli hamwoni. Hapo ndipo lilipo somo letu la leo.

Yafaa tuanze na sisi wenyewe. Sisi tunaoandika somo hili tulisomeshwa kwa pombe. Mama yetu mzazi alikuwa mpika pombe ya mtama, na watu walikuja kutoka vitongoji vitatu kwa sababu yake haikuwa chachu kupita kiasi. Tulijua kuloweka mtama, kuuotesha, kuuanika na kuusaga kuwa kimea kabla hatujajua kuandika vizuri. Sanduku la bati, blanketi na nauli ya basi tuliyokwenda nayo sekondari mwaka 1975 vilitoka katika pipa la mama. Basi tunaposema habari za wanawake na pombe hatusemi kama watu waliokaa juu ya mlima. Mama alionja kila pipa, kama ilivyo desturi ya mpishi yeyote, na siku za mnada alionja sana. Hatukuwahi kumwuliza kitu. Wala muuguzi wa zahanati hakuwahi kumwuliza, ingawa alimfahamu vizuri na mara kadhaa alikaa mezani petu.

Jambo la pili latuumiza zaidi. Mwaka 2009, katika mtaa tuliokuwa tukiabudu wakati huo, mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, alisikika akinuka pombe siku ya mazoezi ya kwaya. Aliitwa mbele ya wazee. Kalamu ya ukatibu ilikuwa mkononi mwetu, na muhtasari wa shauri lile tuliuandika kwa mistari minne: ameshtakiwa, amekiri, amevuliwa kazi, ametakiwa kutubu. Hakuna mahali katika mistari ile palipoandikwa kwa nini. Hatukuuliza. Baadaye tulikuja kujua kwamba tangu alipomzika binti yake alikuwa hapati usingizi, na kwamba alikwenda zahanati mara tatu kwa ajili ya kukosa usingizi na kiungulia. Mara zote tatu alipewa vidonge vya tumbo akarudi nyumbani. Wala huko hawakuuliza.

Kwaresima iliyofuata alisimama katika semina akaweka nadhiri ya kuacha. Tulipiga makofi na vigelegele. Akaacha siku ile ile, yeye aliyekuwa amekunywa kila usiku kwa zaidi ya mwaka. Siku ya pili mikono ilimtetemeka hata akashindwa kushika kikombe cha uji. Usiku wake alianguka, macho yakageuka, akatetemeka mwili mzima kama mwenye kifafa. Majirani walisema ni pepo anayetoka. Watu waliomba mpaka alfajiri, nasi tulikuwamo. Kulipopambazuka mtoto wa dada yake alileta pikipiki, akamfunga kwa kanga mgongoni mwa mtu mwingine, wakamkimbiza hospitali. Daktari aliuliza swali moja: alikuwa akinywa kiasi gani, na mara ya mwisho lini? Ndilo swali tuliloshindwa kuuliza kwa mwaka mzima. Alipona, ulimi ukiwa na jeraha la meno. Hakurudi katika kikundi chetu. Ametupa ruhusa ya kuandika haya baada ya kusomewa, bila jina lake wala la kijiji.

Kwa hiyo, wapendwa, tujifunze polepole yale tuliyopaswa kuyajua.

Akina baba hupenda kusema kwamba mwanamke hana kichwa cha pombe. Si jambo la kichwa, ni jambo la maji. Kileo huenea katika maji ya mwili, wala hakikai sana katika mafuta. Mwili wa mwanamume mzima una maji kama asilimia 60 ya uzito wake. Wa mwanamke una karibu asilimia 50, na kwa kawaida yeye ni mwepesi pia. Mimina kijiko kimoja cha chumvi katika ndoo na kingine katika sufuria, kisha onja. Hivyo ndivyo ilivyo. Tena tumboni kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu ya kileo kabla hakijaingia katika damu, na kwa wanawake wengi kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa kiasi kidogo zaidi. Mume na mke wakinywa kikombe kwa kikombe, damu ya mke hubeba kileo kingi zaidi, na ini lake huharibika kwa miaka michache kuliko la mumewe.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikiweka kileo katika orodha ya visababishi hakika vya saratani mwaka 1988, na baadaye saratani ya matiti ikaongezwa katika zile zinazotokana nacho. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kila tunapofundisha somo hili, mzee mmoja hutukumbusha divai ya Timotheo. Twamjibu kwamba Paulo alimwandikia kijana mwenye tumbo bovu, tena alisema kidogo. Wala Timotheo hakuwa mjamzito.

Na habari ya ujauzito ndiyo inayotuleta kwa mama yake Samsoni. Malaika alimwonya asinywe divai wala kileo, na alimwonya kabla ya mimba, si baada. Twajua sababu iliyotolewa pale ni nadhiri ya Mnadhiri, si somo la tiba. Hata hivyo mpangilio wake wafaa sana, kwa kuwa viungo vya mtoto huanza kujengwa katika majuma ya kwanza, wakati mama wengi hawajajua kwamba wamepata mimba. Kileo hupita kutoka damu ya mama kwenda kwa mtoto bila kizuizi, na ini la mtoto bado halijui kazi yake.

Mwaka 1968, daktari Paul Lemoine wa mji wa Nantes, Ufaransa, aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi aliowaona wakifanana kwa sura na kwa udhaifu. Maandiko yake hayakusomwa na wengi. Mwaka 1973, Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliona mambo yale yale na kuyapa jina. Watoto hao huzaliwa wadogo, kichwa kidogo, mdomo wa juu mwembamba, na wanapokua hushindwa kutulia, kukumbuka na kuhesabu. Wengine hawana alama yoyote usoni, lakini ubongo umeguswa. Huko Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ambako kwa miaka mingi wafanyakazi wa mashamba ya zabibu walipewa divai kuwa sehemu ya ujira wao, uchunguzi umeonyesha idadi ya watoto wa namna hiyo iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani.

Tuseme neno hapa kama walimu. Katika miaka yetu ya kufundisha, kabla hatujakwenda kufundisha walimu chuoni, tulikuwa na watoto waliojifunza jedwali la tatu Jumatatu na kulisahau Jumanne. Tuliwachapa. Sababu za mtoto kuwa mzito darasani ni nyingi: malaria iliyopanda kichwani, njaa, kuzaliwa kwa shida, masikio mabovu, na nyumba isiyo na amani. Hatuwezi leo kurudi nyuma na kusema huyu alikuwa hivi na yule vile. Lakini kiboko hakikuwa dawa ya hata moja kati ya sababu hizo. Na wala msilifanye somo hili kuwa kiboko cha akina mama. Mama aliyekunywa mwezi wa kwanza bila kujua, akiacha mwezi wa tatu amemsaidia mtoto. Akiacha wa sita amemsaidia pia. Hakuna mwezi ambao kuacha ni bure.

Kuna imani kwamba pombe ya mtama huongeza maziwa ya mama aliyejifungua. Huongeza uji, si pombe! Kileo huingia katika maziwa kwa kiasi kile kile kilicho katika damu, na tena huzuia maziwa kushuka vizuri, hata mtoto akinyonya hupata kidogo. Bibi zetu waliomletea mzazi kibuyu hawakuwa na nia mbaya. Mzazi alihitaji maji, chakula na kupumzika, na kibuyu kilikuja na vyote vitatu kwa pamoja. Mpeni uji wa ulezi na mumpunguzie kazi.

Sasa twendeni zahanati. Wasomaji wa umri wetu wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulikuwa darasa la sita. Jioni watu wazima walikusanyika kuizunguka redio, kiongozi wa kikundi akiwa na kitabu chake, na baada ya kipindi walijadiliana, kisha kesho yake walichimba vyoo. Watu kama milioni 2 walishiriki nchini kote. Magonjwa yaliyofundishwa yalikuwa malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Miaka mitano baadaye, Septemba 1978, wajumbe wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, mji ambao siku hizi waitwa Almaty, nchini Kazakhstan, wakatoa tamko juu ya huduma ya afya ya msingi. Walitaja mambo 8 ambayo kila jamii yapaswa kuwa nayo karibu: chanjo, maji safi, lishe, afya ya mama na mtoto, dawa muhimu na mengineyo. Pombe haikutajwa kwa jina. Lakini lile la kwanza kabisa katika yale manane ni elimu juu ya matatizo ya afya yaliyoenea mahali pale. Nani katika kata yetu atasema pombe haikuenea? Tamko lile lilisema pia kwamba watu wenyewe wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao. Kwa hiyo, kama swali la pombe haliulizwi katika zahanati yetu, sisi twaweza kuomba liulizwe.

Wala si swali la kubuni. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza hojaji ya maswali 10 iitwayo AUDIT, na kuitoa mwaka 1989 baada ya kuijaribu katika vituo vya huduma ya msingi vya nchi 6, mmoja wao jirani zetu wa Kenya. Nyingine ni Norway, Australia, Bulgaria, Mexico na Marekani. Maswali matatu ya kwanza huuliza mtu hunywa mara ngapi, hunywa kiasi gani siku anayokunywa, na ni mara ngapi hufikia vipimo sita au zaidi. Yanayobaki huuliza kama ameshindwa kujizuia, kama huamka akitaka pombe, kama amesahau yaliyotokea, kama ameumia au kuumiza, kama kuna mtu aliyemhangaikia. Kila jibu lina alama. Anayefikia 8 ahitaji mazungumzo, na mwongozo wa mwaka 2001 wakubali kuanzia 7 kwa mwanamke. Kwa wajawazito, shirika hilo lashauri waulizwe mapema iwezekanavyo, na kila wanapokuja kliniki, wote bila kuchagua. Neno "wote" ni muhimu. Akiulizwa mama mmoja tu, yule anayedhaniwa, hilo si swali tena bali ni mashtaka, na tumerudi mlangoni kwa Eli.

Kipimo ni nini? Ni gramu 10 za kileo halisi. Hapa tutaomba ubao na chaki kidogo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za kileo. Mililita moja ya kileo ina uzito wa karibu gramu 0.8, basi ni gramu 20: vipimo viwili, si kimoja. Pombe ya mtama hutofautiana kwa mpishi na kwa siku, lakini tuchukue asilimia 4. Mama anayekunywa lita moja na nusu jioni amepata mililita 60 za kileo, yaani gramu 48, karibu vipimo vitano. Na mpishi anayeonja kikombe cha robo lita mara nne toka asubuhi, ambaye ukimwuliza atakuapia kwamba hanywi bali anaonja tu, amemaliza lita nzima: gramu 32, zaidi ya vipimo vitatu. Ini huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa. Mama yetu hakuwahi kujihesabu kuwa mnywaji. Sasa tumemhesabia, miaka 30 baada ya kumzika, na hatukufurahi.

Gongo hatulifanyii hesabu. Lilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966, na mbali na nguvu zake, hakuna ajuaye lililochanganywa humo. Novemba 2000 mjini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Vile vipakiti vya viroba navyo vilipigwa marufuku hapa kwetu kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Twavitaja kwa sababu viliwafaa sana wanawake waliokuwa wakinywa kwa siri; kipakiti kilikaa katika pindo la kanga wala hakikulia kama chupa.

Siri ndiyo shida yenyewe. Mwanamume akilewa, watoto humcheka na kesho yake husalimiwa. Mwanamke akilewa, huitwa majina ambayo hatutayaandika katika gazeti la kanisa. Basi hujificha, na kwa kuwa hujificha hufika zahanati na ugonjwa mwingine: usingizi, tumbo, kizunguzungu, shinikizo la damu, majeraha aliyosema ameanguka. Na mara nyingine majeraha hayo ni ya mume, naye hunywa ili asiyasikie. Mtoa huduma asiyeuliza atatibu tumbo mpaka dawa ziishe ghalani.

Mtasema, tukiuliza ndipo iwe nini, na zahanati ina muuguzi mmoja na foleni ya watu 40? Jibu ni kwamba mazungumzo yanayohitajika ni mafupi, dakika 5 hadi 15. Mtoa huduma humweleza mama jinsi kiasi chake kinavyoudhuru mwili wake, humsikiliza ananywa kwa nini, humwuliza yeye mwenyewe angependa kubadili nini, na huagana naye siku ya kurudi. Hamkemei. Tafiti nyingi katika huduma za msingi zimeona kwamba watu wanaokunywa kupita kiasi hupunguza baada ya mazungumzo ya namna hii. Hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi, yamejaribiwa mazungumzo hayo kwa majeruhi, yakifanywa na wauguzi, chini ya jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Jina zuri. Halina tusi ndani yake.

Lakini mazungumzo hayamtoshi aliyekwisha kufungwa na pombe, na hapa tunawasihi msome mara mbili. Mtu anayekunywa sana kila siku, asubuhi mikono ikitetemeka mpaka apate kikombe, asiache ghafula peke yake nyumbani. Ubongo wake umezoea kufanya kazi chini ya mzigo, na mzigo ukiondolewa mara moja hufurukuta. Siku mbili au tatu za kwanza zaweza kuleta kutetemeka, jasho, kutapika, degedege, kuona vitu visivyokuwapo, na hata kifo. Ziko dawa za kumtuliza katika siku hizo, na vitamini B1 ya kuulinda ubongo wake. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali kwanza, naye tabibu ataamua kama aweza kutibiwa hapo au apelekwe mbele, kama vile Mirembe kwa sisi wa Dodoma. Maombi yafanyeni njiani na kando ya kitanda. Yule mama wa mwaka 2009 hakukosa waombaji, alikosa gari.

Neno jingine kuhusu dawa. Wako akina mama wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ambao siku wakinywa pombe huacha vidonge, wakiogopa kuchanganya. Kuacha vidonge ni hatari kubwa zaidi. Wameze kwa saa yao, na wamweleze mtoa huduma habari ya pombe. Wanaotibiwa kifua kikuu ini lao lina kazi nzito tayari, basi wasiliongezee pombe. Na flajili huelekezwa isitumiwe pamoja na kileo. Mambo haya muuguzi huyaeleza kwa haraka dirishani; yafaa nasi tuyaeleze taratibu katika vikundi.

Vipi mapipa? Kuna kasisi aliyewahi kuhubiri kwamba kila mama mpika pombe avunje pipa lake kabla ya Pasaka. Tulihesabu baadaye: katika mtaa ule, akina mama 11 walikuwa wakilisha watoto kwa pipa, na waliovunja walikuwa wawili, na mmoja wao alinunua jingine Juni, shule zilipodai michango. Hatusemi mahubiri yalikuwa mabaya. Twasema kwamba kanisa linalomwambia mama avunje pipa lina deni la kumsaidia kupata kuku, cherehani, au mtaji wa kuuza maandazi, na kukaa naye mpaka kazi mpya imlipe. Na yule ambaye bado anapika, mfundisheni kuonja na kutema, kama wafanyavyo waonjaji wa chai kule viwandani.

Mkimaliza kusoma, jadilianeni. Katika kikundi chenu, mwanamke akisema leo kwamba pombe inamshinda, kesho atapoteza nini: kazi ya kanisa, Meza ya Bwana, marafiki? Ni lipi kati ya hayo mliloweka ninyi wenyewe, na lipi mwaweza kuliondoa? Katika zahanati yenu, je, wajawazito wote huulizwa habari za pombe, na huulizwa wakiwa faragha, au mbele ya mama mkwe aliyewasindikiza? Nani atakwenda kuonana na mganga mfawidhi kuhusu jambo hilo, na siku gani? Nani ana gari au pikipiki usiku wa manane? Andikeni namba yake ya simu ukutani, mahali ambapo kila mtu aweza kuiona.

Maswali yanayomhusu tabibu yaandikeni kwenye vipande vya karatasi bila majina, mkamkabidhi mwalimu wa kikundi.